Muuguzi Naye Ni Majeruhi wa Kazi

Kila familia ina kisa chake cha nesi mkali. Huyu alifokewa leba, yule alirushiwa kadi dirishani, mwingine aliulizwa kwa sauti mbele ya foleni nzima ni ugonjwa gani uliomleta. Kauli moja imeenea kuliko zote. Wanawake wa Mwanza na wa Mombasa huisimulia karibu kwa maneno yaleyale: mjamzito analia kwa uchungu, naye anaulizwa mbona hakulia siku ile alipokuwa akiitafuta hiyo mimba. Ni kauli ya kikatili. Siitetei, na mwanamke aliyeambiwa hivyo akiwa amelala hoi hadaiwi msamaha na mtu yeyote.

Nataka tuangalie jinsi tunavyoishughulikia. Malalamiko yakiingia kwenye sanduku la maoni, muuguzi anaitwa ofisini kwa matroni, anaonywa, pengine anaandikiwa barua ajieleze. Malalamiko yakizidi, inaandaliwa semina ya huduma kwa mteja: mgeni rasmi, chai na vitafunwa, posho, picha ya pamoja. Haipiti miezi mingi, aliyeonywa kafoka tena, na safari hii na mwenzake aliyejulikana kwa upole naye kaanza. Jambo hili tumelifanya kuwa la tabia na malezi ya mtu mmoja mmoja. Mimi nasema sehemu kubwa ya ukali ule ni jeraha, tena jeraha lililopatikana kazini, ndani ya zamu, mbele ya vitanda vya wagonjwa wetu. Na jeraha la kazini lina mwenye wajibu nalo, yaani mwajiri.

Msichana aliyesimama na mshumaa mkononi siku ya kuhitimu, akala kiapo cha wauguzi huku mama yake akifuta machozi, hakuja kazini na lugha ile. Kuna kitu kilitokea katikati. Mwanasaikolojia wa Marekani, Christina Maslach, alianza kukichunguza kitu hicho miaka ya 1970 kwa kuzungumza na watu wanaohudumia watu: wauguzi, madaktari, walimu, maofisa wa ustawi wa jamii. Aliona mambo matatu yakiandamana. Kwanza mtu anakauka, hana tena cha kutoa. Kisha anaanza kuwaona anaowahudumia kama mizigo, anawakwepa kwa moyo hata akiwa amewashika kwa mikono. Mwisho anaamini kwamba anachofanya hakina maana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikubali maelezo ya namna hiyo lilipopitisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa. Halikuita hali hiyo ugonjwa. Lilisema inatokana na msongo sugu wa mahali pa kazi ambao haujadhibitiwa ipasavyo. Mzizi uliotajwa ni mahali pa kazi. Udhaifu wa mfanyakazi haukutajwa, wala imani yake haba, wala malezi ya kwao.

Lile jambo la pili, la kumwona mtu kama mzigo, ndilo tunalokutana nalo sisi kule dirishani. Sisi tunaliita kiburi.

Twende leba ya hospitali ya wilaya, zamu ya usiku. Wakunga ni wawili, pengine mmoja na mwanafunzi. Vitanda vya kujifungulia vimejaa, koridoni wapo wanaotembea wameshika kiuno, na sasa hivi gari la wagonjwa limemteremsha mwingine kutoka kituo cha afya. Saa nane na nusu, mama aliyejifungua salama muda mfupi uliopita anaanza kutoka damu. Mkunga anajua la kufanya. Anaukanda mfuko wa uzazi, anachoma oksitosini, anatafuta mshipa wa pili wa kuwekea dripu, anaita daktari, anamtuma mwanafunzi maabara akaulizie damu. Mkono mmoja uko tumboni kwa mgonjwa, mwingine umeshika simu. Kitanda cha pili wanaita, sista, mtoto anakuja. Damu ya kundi linalotakiwa ipo chupa moja. Shuka lililobadilishwa sasa hivi limeshalowa tena. Daktari anafika mbio akitokea chumba cha upasuaji, wanahangaika pamoja, na saa kumi kasoro mama yule anafariki.

Kisha? Mkunga anavua glavu, ananawa, anavaa nyingine, anakwenda kitanda cha pili, maana kweli mtoto anakuja. Anampokea, anamfuta, anamlaza kifuani kwa mama yake, anatabasamu kwa sababu mama huyu naye anastahili tabasamu. Halafu anarudi kumhudumia marehemu. Anajaza rejista. Anakwenda kumtazama yule kichanga aliyebaki, amvishe, amtafutie maziwa. Asubuhi, wakati wa kupokezana zamu, kifo kile kinasomwa kwenye ripoti pamoja na idadi ya waliojifungua, waliopasuliwa na waliopewa rufaa. Nje ya geti wapo ndugu na chupa ya chai ya mzazi na khanga mpya. Mtu inabidi atoke akawaambie, na mara nyingi anayetoka ni mkunga yuleyule. Akimaliza anapanda daladala kwenda nyumbani, ambako watoto wanataka uji, na jioni anarudi zamu.

Sasa linganisha na hili. Mkunga huyohuyo, usiku uleule, lau angejichoma na sindano iliyotoka kwa mgonjwa, hospitali nzima ingejua la kufanya. Angeosha palipochomwa kwa sabuni na maji, angeripoti kwa kiongozi wa zamu, ingejazwa fomu. Angepimwa, mgonjwa naye angepimwa kwa ridhaa yake, na kama ingebidi angeanza dawa za kuzuia VVU haraka iwezekanavyo ndani ya saa 72, akazimeza kwa siku 28, kisha arudi kupimwa tena. Kuna mtu mwenye jina anayehusika na mambo hayo, kuna kabati la dawa, kuna bango ukutani lenye mishale. Hakuna anayemwambia avumilie kwa kuwa kazi ni wito. Hakuna anayemwuliza kwa nini wenzake hawajachomwa.

Utaratibu huo haukushuka kutoka mbinguni. Ulitengenezwa, baada ya watu kukubali kwamba kuchomwa sindano ni hatari ya kazi yenyewe, inayoweza kumpata hata aliye makini. Kushika mkono wa mtu anayekufa ukiwa peke yako usiku, mara moja, mara ya tano, mara ya ishirini, nako ni hatari ya kazi hiyohiyo. Tofauti ni kwamba hatujakubali. Kifo cha mama mzazi nacho kina fomu zake, na ni vyema ziwepo: taarifa inatakiwa kutolewa ndani ya saa 24, kisha kikao kinakaa kupitia kilichotokea. Misingi ya vikao hivyo inakataza kunyosheana vidole. Lakini muulize mkunga yeyote anavyojisikia akiitwa kwenye kikao hicho. Katika karatasi zote zinazojazwa kuhusu usiku ule, yeye anaonekana mahali pamoja tu, pale panapotafutwa kosa.

Yapo maandishi ya zamani ambayo kila mkurugenzi wa hospitali angefaa kuyasoma. Mwishoni mwa miaka ya 1950 hospitali moja kubwa ya kufundishia mjini London ilimwita mtafiti Isabel Menzies aisaidie kupanga mafunzo ya wauguzi. Alikuta wanafunzi bora wakiacha, karibu theluthi moja hawamalizi. Alikuta wauguzi wanahamishwa wodi hadi wodi kabla hawajazoeana na mtu, kazi zimekatwa vipandevipande ili kila mmoja afanye jambo dogo kwa wagonjwa wengi na asikae na mgonjwa mmoja, na wagonjwa wanatajwa kwa namba ya kitanda au kwa kiungo kinachouma, ini la kitanda cha kumi. Alitambua kwamba yote hayo yalikuwa kinga. Hospitali ilikuwa imejijengea, bila mtu yeyote kukaa na kuamua, njia ya kumzuia muuguzi asihisi hofu na majonzi ambayo kazi ile inayaleta kila saa. Na kinga yenyewe ilikuwa mbovu: hofu ilibaki palepale, ila sasa haikuwa na pa kusemewa.

Ukiingia wodi zetu leo utasikia mama wa kitanda namba saba, kifafa cha mimba wa kitanda cha tatu, yule wa oparesheni. Muuguzi anayetaja watu hivyo si kwamba hana utu. Anajilinda kwa zana pekee aliyoachiwa. Ukali ni kinga ya aina hiyohiyo, inafukuza mtu kabla hajakukaribia vya kutosha kukuumiza.

Mzigo wenyewe umeongezeka. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 63 ya watoto Tanzania walizaliwa katika vituo vya kutolea huduma. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 81. Vifo vya akina mama katika kipindi hicho vilikadiriwa kushuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, na Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akakabidhiwa tuzo ya Goalkeepers ya taasisi ya Gates kwa mafanikio hayo. Ni mafanikio makubwa, na nayashangilia kwa moyo wote. Majengo yameongezeka, mfumo wa m-mama umesogeza usafiri wa dharura hadi vijijini. Ila kila mama aliyehamia kutoka kwa mkunga wa jadi kwenda hospitali alipokelewa na mikono ya mtu. Ongezeko lile la asilimia lilipita mikononi mwa wauguzi na wakunga. WHO ilikwishasema nchi inahitaji walau madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000 ili ifikie malengo ya maendeleo endelevu. Sisi tuko mbali sana na hapo, na kila mwenye zamu ya usiku analijua hilo bila kuonyeshwa takwimu.

Juu ya mzigo tunaongeza aibu. Sote tumewahi kuona mandhari hii: kiongozi anafika hospitalini na msafara na kamera, wananchi wanalalamika, muuguzi anaitwa mbele, anaulizwa maswali mawili matatu bila nafasi ya kujibu, anatangaziwa kusimamishwa kazi papohapo. Watu wanapiga makofi. Jioni video iko kwenye makundi yote ya WhatsApp, na watoto wake shuleni wameiona. Muuguzi mzembe yupo, na anayeomba rushwa yupo, nao wanapaswa kushughulikiwa. Ndiyo maana kuna Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga lenye mamlaka ya kuchunguza, kusikiliza pande zote na hata kumfuta mtu kwenye daftari. Hukumu ya barazani na hukumu ya mbele ya kamera ni mambo mawili tofauti kabisa. Hii ya pili haimfundishi mzembe kitu, na waadilifu wanaoitazama wanajifunza kwamba siku mambo yakiharibika watakuwa peke yao. Hapo ndipo mtu anaanza kuandika machache kwenye faili, kumpa mgonjwa rufaa mapema ili afie kwingine, kukaa mbali.

Daktari wa Marekani Albert Wu aliandika mwaka 2000 kwamba kosa la kitabibu likitokea, anayeumia wa kwanza ni mgonjwa na familia yake, na yupo wa pili: mhudumu aliyekuwepo, anayekwenda nalo nyumbani, asiyelala, anayerudia usiku ule kichwani kwa miezi. Sisi huyu wa pili tunamwongezea kofi.

Kuna muuguzi mwingine ambaye hatajwi kabisa kwenye mijadala hii, yule wa zahanati ya kijijini. Yeye hana zamu, maana hana wa kupokezana naye. Anakaa kwenye nyumba ya serikali hatua chache kutoka zahanati, na mlango wake ukigongwa saa saba usiku hawezi kusema hayupo. Akifiwa na mtoto mchanga mikononi mwake, kesho yake anakutana na bibi wa mtoto yule kisimani, Jumapili wanakaa kanisa moja au Ijumaa anampita mumewe akitoka msikitini. Hana mahali ambapo yeye si nesi. Wa mjini angalau ana daladala inayomtoa hospitalini ikampeleka mtaa wasiomjua. Na wote wawili, wa mjini na wa kijijini, wana kazi nyingine isiyo na malipo, kwa sababu kila ukoo wenye nesi humpigia simu yeye kwanza: shangazi presha imepanda, mtoto wa binamu ana homa, babu amelazwa, njoo uongee na wenzako. Ripoti ya WHO ya mwaka 2025 kuhusu wauguzi inasema asilimia 85 ya wauguzi duniani ni wanawake. Basi anapotoka zamu mara nyingi anaingia zamu nyingine, ya jikoni na ya kuuguza nyumbani.

Ripoti hiyohiyo inasema ni asilimia 42 tu ya nchi zilizojibu ndizo zenye utaratibu wa kutunza afya ya akili ya wauguzi wao. Kwa hiyo hatuko peke yetu katika kuchelewa, ingawa hilo halimsaidii yule anayeingia zamu leo jioni.

Tunawapa nini kwa sasa? Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, kunakuwa na maandamano, fulana, mishumaa, hotuba. Wauguzi wanasifiwa kwa moyo wa kujitolea na kukumbushwa kwamba kazi yao ni wito. Huyo Nightingale anayetajwa kila mwaka alirudi kutoka vita vya Crimea mwaka 1856 akiwa ameharibika afya, na sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki aliyatumia akiwa chumbani, mara nyingi kitandani, akiandika barua na ripoti. Alikuwa na umri wa miaka 36 tu aliporudi. Hilo halisemwi kwenye hotuba. Tunabeba taa yake na kuacha gharama aliyoilipa.

Neno wito nalipenda, na najua wauguzi wengi wanaliishi kweli. Lakini limegeuka kuwa namna ya kumnyamazisha mtu. Anayesema amechoka anaambiwa hii kazi ni ya moyo. Anayedai posho ya kuitwa kazini usiku, iliyo haki yake, anaonekana amepungukiwa wito. Kenya wauguzi walikaa nje ya kazi kwa takriban miezi mitano mwaka 2017, kuanzia Juni hadi Novemba, wakidai makubaliano ya mishahara na masharti ya kazi, na wakati wote huo waliambiwa maneno hayohayo. Mwaka 2021 nchi hiyo ikatia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi huko. Anayeondoka anafuata mshahara, ndiyo, lakini ukizungumza naye vizuri atakwambia pia habari za ratiba inayoeleweka na likizo inayotolewa bila kubembeleza.

Mshahara na ratiba ni sehemu ya afya ya akili. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna mtindo umeingia wa kuwaletea wafanyakazi wataalamu wa kuwafundisha kupumua polepole, kisha wanarudishwa kwenye wodi ileile ya mkunga mmoja kwa wazazi wanane. Mwongozo wa WHO kuhusu afya ya akili kazini, uliotolewa Septemba 2022, unaanza na kazi yenyewe: wingi wa kazi, saa, ratiba, sauti ya mfanyakazi katika maamuzi. Na kwa mara ya kwanza ulipendekeza mameneja wafundishwe kutambua mfanyakazi anayeelemewa na kujua la kufanya. Hapo ndipo ningeweka shilingi ya kwanza. Kwenye wodi, mtu mwenye nguvu kubwa juu ya akili ya muuguzi ni inchaji wake, kuliko daktari bingwa yeyote. Inchaji ndiye anayepanga ratiba. Anayeamua kama utapewa usiku sita mfululizo au mitatu. Anayejua kwamba fulani amefiwa na wagonjwa wawili wiki hii na anaweza kumpeleka kliniki ya chanjo kwa siku chache akashike watoto wazima. Hizo siku chache hazina gharama kwa hazina. Zinahitaji mtu aliyefundishwa kwamba kufanya hivyo ni sehemu ya kazi yake, na aliyeruhusiwa.

Kwa mkunga wa ule usiku wa saa kumi kasoro, ningetaka kuwe na utaratibu ulio wazi kama ule wa sindano. Kiongozi wa zamu aarifiwe papohapo. Mtu mwingine, asiye yeye, atoke kuongea na ndugu, au walau asimame naye. Apewe nafasi ya kukaa, kunywa maji, kupiga simu nyumbani kabla ya kitanda kinachofuata, hata kama ni dakika kumi na hata kama daktari au mwanafunzi itabidi ashike nafasi yake. Asipangwe usiku unaofuata kama hataki. Ndani ya siku tatu mwenzake aliyefundishwa kusikiliza amtafute, na baada ya wiki nne amtafute tena, kwa sababu wengi wanakuwa wazima wiki ya kwanza na kuanguka baadaye.

Nimesema mwenzake amtafute, sikusema alazimishwe kuongea. Kuna watu wenye nia njema wanaodhani dawa ni kuwakusanya wote asubuhi ileile na kumtaka kila mmoja asimulie alichokiona. WHO imeshauri dhidi ya kutumia vikao vya namna hiyo kama kinga baada ya tukio la kutisha. Havizuii madhara ya baadaye, na kwa wengine vinachimbua kidonda. Mtu apewe utulivu, taarifa, chakula, usingizi na mlango ulio wazi. Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore ilianzisha mwaka 2011 kikosi cha wafanyakazi waliojitolea na kufundishwa kuwasikiliza wenzao. Unapiga simu saa yoyote, anapokea mtu anayeijua kazi yako. Huhitaji hospitali tajiri kwa hilo. Unahitaji wauguzi wanne au watano wanaoaminika, mafunzo, simu moja, na ahadi ya maandishi kwamba yanayosemwa pale hayaendi kwa matroni wala hayaingii kwenye tathmini ya utendaji.

Usiri ndio utakaoamua kama jambo hili litaishi au litakufa. Chukua muuguzi wa hospitali ya rufaa ya mkoa anayetaka kumwona mtaalamu wa afya ya akili. Kliniki iko hapohapo anapofanyia kazi. Anayempokea ni jirani yake wa kota, faili linabebwa na mtu anayekula naye kantini, dawa anaichukua kwenye dirisha la duka la dawa ambalo foleni yake nzima inamjua kwa jina. Kabla ya saa saba mchana wodi inajua. Na katika nchi ambayo kutajiwa hospitali ya akili ya Mirembe bado ni tusi, kama Wakenya wanavyotajiana Mathari, nani atakwenda? Hawa ndio wanaowashauri wagonjwa kila siku kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine, na wao wenyewe wanaogopa kuonekana kwenye benchi lile. Halmashauri mbili jirani zinaweza kukubaliana kupokeleana wafanyakazi. Ushauri wa simu unawezekana. Kuna aliyefika ukingoni ambaye ana hofu kubwa zaidi: Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kinachomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume cha Katiba, lakini kwetu Tanzania kifungu cha namna hiyo bado kimo kwenye Kanuni ya Adhabu. Mtu aliye katika hali ile anahitaji kitanda na daktari. Kifungu hicho kiondolewe.

Najua jibu litakalokuja: fedha hakuna, na mgonjwa kwanza. La mgonjwa kwanza nalikubali, na ndilo linalonifanya niandike. Muuguzi ambaye hajalala vizuri kwa wiki nzima ndiye anayepima dozi ya magnesiamu salfeti ya mama mwenye kifafa cha mimba. Yeye ndiye anayetakiwa kuiona patografu, ile chati ya uchungu wa uzazi, ikivuka mstari. Akiwa hajali tena, au akili yake iko kwenye kitanda kingine cha mwezi uliopita, mgonjwa ndiye atakayelipa. Hata kufoka kuna bei yake ya kitabibu, maana mama aliyefokewa mimba ya kwanza ndiye anayechelewa kuja mimba ya pili, akajifungulia nyumbani, akaletwa akiwa amekwishapoteza damu.

Kuhusu fedha na sheria, hatuanzi sifuri. Tanzania na Kenya zote zimeridhia Mkataba namba 149 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1977, unaohusu hasa wauguzi na mazingira yao ya kazi. Sheria yetu ya usalama na afya mahali pa kazi ni ya mwaka 2003. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo. Orodha ya magonjwa ya kazi ya ILO iliyorekebishwa mwaka 2010 inayataja magonjwa ya akili, likiwemo lile linalofuata tukio la kutisha. Inchaji anajua kuripoti mgongo uliotenguka kwa kumnyanyua mgonjwa. Afundishwe na njia ya kuripoti hili. Chama cha Wauguzi na chama cha wafanyakazi cha TUGHE walibebe kama wanavyobeba madai ya kupandishwa madaraja.

Kila mwaka kila halmashauri huandaa mpango kabambe wa afya, na timu yake huzunguka vituoni kwa usimamizi shirikishi ikiwa na orodha ya kukagua: dawa muhimu zipo, rejista zimejazwa, jokofu la chanjo linafanya kazi, kichoma taka kinawaka. Mpango ujao uwe na kifungu cha fedha, hata kidogo, kwa ajili ya kufundisha mainchaji na hao wasikilizaji. Na kwenye orodha ile ya kukagua yaongezwe maswali matatu, yajibiwe kwa maandishi kama mengine: mara ya mwisho mfanyakazi wa kituo hiki aliposhuhudia kifo kibaya, nani alimtafuta, alipewa mapumziko gani, na ana usiku mingapi mfululizo kwenye ratiba ya mwezi huu.